Vihusishi vya Kihispania kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili

Chukua sentensi hii: *Salí de casa a las siete, pasé por el mercado para comprar pan y llegué a la oficina con mi hermana.* Kwa Kiswahili tungesema: "Nilitoka nyumbani saa moja, nikapitia sokoni kununua mkate, nikafika ofisini na dada yangu."

Hesabu vihusishi. Kihispania kimetumia *de, a, por, para, a* na *con*. Sisi tumetumia "na" peke yake. Kazi nyingine yote imefanywa na -ni ya mahali na vitenzi vyenyewe: "toka" ndani yake mna kuacha mahali, "pitia" mna njia, "fika" mna mwisho wa safari. "Saa moja" imejisimamia, na "kununua" haikuhitaji neno la kuitangulia.

Kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili huteleza kwa namna mbili. Ama anakisahau kihusishi kabisa, kwa sababu kichwani mwake kitenzi kimeshamaliza kazi, ama anachagua neno moja la Kihispania liwe "kwa" yake na kulipachika kila mahali. Masomo mengi ya mtandaoni hayagusi makosa haya, maana yametungiwa wasemaji wa Kiingereza. Utaonywa mara mia kwamba *buscar* na *esperar* havitaki kihusishi mbele ya kitu kinachotafutwa au kusubiriwa, onyo ambalo wewe hulihitaji: *busco las llaves* ni "natafuta funguo", neno kwa neno.

Orodha ya Real Academia Española, chuo kinachosimamia Kihispania sanifu, ina vihusishi 23. Usiikariri. Viwili, *cabe* na *so*, vimekufa katika mazungumzo (*so* umebaki katika misemo kama *so pena de*, yaani "la sivyo adhabu ni..."), na *versus* na *vía* utavitambua ukiviona. Nguvu zako ziweke kwenye sita: *a, de, en, con, por, para*.

Hatua ya 1: Igawe -ni mara tatu

Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Neno "sokoni" halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachosema kama umetulia, unakwenda au unaondoka. Majina ya miji hayapati hata hiyo -ni: niko Madrid, naenda Madrid, natoka Madrid. Kihispania kinataka tofauti hiyo itajwe kila mara, hata kama kitenzi kimeshaionyesha:

*Estoy en el mercado.* Niko sokoni.
*Voy al mercado.* Naenda sokoni.
*Vengo del mercado.* Natoka sokoni.

Kila unapotaka kutaja mahali, jiulize kwanza: nipo, naenda, au natoka? Nipo ni *en*, naenda ni *a*, natoka ni *de*. Fanya hivyo mpaka iwe mazoea, kwa sababu *voy Madrid* na *voy en el mercado* ndiyo makosa yanayomtambulisha mwanafunzi wetu haraka kuliko lafudhi yake.

Kitenzi cha kuangalia sana ni *llegar*. Kufika kwetu kunakaribia kutulia, hivyo mkono unavutwa kuandika *en*. Kihispania kinahesabu kufika kuwa mwendo: *llegué a Lima*, *llegamos al hotel*. *Entrar* nao una sura mbili: Uhispania wengi husema *entrar en la casa*, Amerika ya Kilatini *entrar a la casa*, na hakuna mwenye kosa.

*En* yenyewe ni rahisi kwetu kuliko kwa wengi. *En la mesa*, *en la pared*, *en casa*: mezani, ukutani, nyumbani. Kama -ni, haijali kitu kiko juu, kimening'inia au kimo ndani. Ukitaka kufafanua, tumia vihusishi vya maneno mawili, ambavyo vimejengwa karibu sawa na vyetu: *encima de* ni juu ya, *debajo de* chini ya, *dentro de* ndani ya, *fuera de* nje ya, *delante de* mbele ya, *detrás de* nyuma ya, *al lado de* kando ya, *antes de* kabla ya, *después de* baada ya, *en vez de* badala ya. Pale penye "ya" weka *de*, basi. Mtego upo kwenye vile ambavyo kwetu vina "na": karibu na, mbali na, tofauti na. Navyo vinakwenda na *de*: *cerca de, lejos de, diferente de*. Usiweke *con*.

Umbali unahitaji *a*, kitu ambacho Kiswahili hakina: *la playa está a dos kilómetros de aquí*, ufuo uko kilomita mbili kutoka hapa.

Na kanuni moja ya maandishi isiyo na hiari: *a* ikikutana na *el* huwa *al*, *de* ikikutana na *el* huwa *del*. Haziungani pale *El* ni sehemu ya jina, kama *soy de El Salvador*, wala mbele ya *él* yenye alama, yaani "yeye": *el libro de él*.

Hatua ya 2: Vunja "kwa" na "na" vipande vipande

Usiulize "kwa" ni nini kwa Kihispania. Uliza hii "kwa" ya sasa hivi inafanya kazi gani.

Kwa kisu, yaani kifaa: *con un cuchillo*.
Kwa basi, kwa treni: *en autobús, en tren*. Lakini kwa miguu ni *a pie* na kwa farasi *a caballo*.
Kwa Kihispania, lugha unayotumia: *en español*.
Kwa simu, kwa barua pepe: *por teléfono, por correo electrónico*.
Kwa mkono, namna ya kutengeneza: *a mano*.
Kwa sababu ya mvua: *por la lluvia*.
Kwa mfano: *por ejemplo*.
Kilomita mia kwa saa: *cien kilómetros por hora*.
Kwa umri wake ni mrefu: *para su edad es alto*.
Naenda kwa María: *voy a casa de María*.

Hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa. "Kwa María" kwetu ni mahali, makazi yake. Katika vihusishi vyetu sita hakuna chenye kazi hiyo, kwa hiyo kwa kawaida nyumba hutajwa. *Voy a María* haieleweki kuwa unakwenda kwake.

"Na" ina hila zaidi, kwa sababu ni fupi na huitilii maanani. Katika "Juan na María" ni *y*. Katika "nilikwenda na María" ni *con*. Katika "kitabu kimeandikwa na Ana" ni *por*: *el libro fue escrito por Ana*. Kauli yoyote ya kutendwa ikifuatiwa na mtendaji, kalamu yako iandike *por*. Anayeandika *escrito con Ana* amesema kitu kingine, kwamba Ana alisaidiana na mwandishi. Nayo "nina" si kihusishi kabisa, ni *tengo*.

*De*, kwa upande wake, itakupumzisha. Wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa: ngeli zote hizo zinamezwa na neno moja lisilobadilika. *La casa de María, el hijo de María, los libros de María.* Malighafi pia (*una mesa de madera*), kilichomo (*un vaso de agua*), asili (*soy de Perú*). Ukilinganisha na namba ni *más de diez*, zaidi ya kumi. Ukilinganisha mtu na mtu ni *que*: *más alto que Juan*.

Hatua ya 3: *A* ya mtu, na -m- unayoijua tayari

Sura hii huwatoa jasho wanafunzi wa lugha nyingine. Kihispania huweka *a* mbele ya mtendwa akiwa mtu: *veo la casa*, lakini *veo a María*. Vitabu hutumia kurasa kueleza kwa nini.

Wewe sema kwa Kiswahili: "naona nyumba", "namwona María". Umesikia -m-? Pale Kiswahili kinapodai -m- au -wa- ya mtendwa ndani ya kitenzi, Kihispania karibu kila mara kinadai *a* mbele ya jina. Hata ulegevu wao unafanana. "Natafuta daktari" ni daktari yeyote: *busco un médico*. "Namtafuta daktari" ni daktari fulani ninayemjua: *busco a un médico*, au *al médico*. Mnyama unayemfuga na kumpenda hupata *a*: *quiero a mi perro*. Sisi pia tunasema "nampenda mbwa wangu".

Vikwazo ni vichache. *Tener* kwa kawaida hukataa *a*: *tengo dos hermanos*. Maneno *nadie, alguien* na *quién* huidai hata kama hujui unamzungumzia nani: *no veo a nadie*, *¿a quién buscas?*

*A* hiyo hiyo hubeba anayepewa: *le di el libro a María*, nilimpa María kitabu. Wengine hushangaa kwa nini *le* na *a María* vikae pamoja wakati vinamtaja mtu mmoja. Nasi tunasema "nilimpa María", -m- na María pamoja, na hakuna anayeona tunajirudia. Mbele ya *gustar* usiiache: *a María le gusta el café*. Kosa la kawaida ni *María le gusta*, bila *a*, kwa sababu kichwani María ndiye mpendaji na anaonekana anastahili kuanza sentensi akiwa huru. Kwa Kihispania kahawa ndiyo inayompendeza yeye.

Hatua ya 4: *Por* na *para*

Hapa usiharakishe. Orodha za matumizi kumi ya *por* na manane ya *para* zimejaa kila mahali, na sijaona mtu anayezikumbuka akiwa katikati ya mazungumzo. Kinachokumbukwa ni mwelekeo: *para* hutazama mbele, kwenye lengo, mpokeaji, mwisho wa safari au siku ya mwisho. *Por* hutazama nyuma au pembeni, kwenye kilichosukuma jambo, njia iliyopitiwa, kilichobadilishwa.

Jaribio la kwanza ni "ili". Ukiweza kuitia bila sentensi kuharibika, ni *para*. *Estudio para aprobar*: nasoma ili nifaulu. Watu wakiwa wawili tofauti, *para que* na kitenzi cha matakwa: *te lo explico para que entiendas*.

La pili ni "kwa sababu ya", "badala ya", "kupitia" na "kwa bei ya". Ikikubali mojawapo, ni *por*. *Cerraron el aeropuerto por la niebla. Hoy trabajo por Luis, que está enfermo. Entró por la ventana. Lo vendí por cien euros.*

Utaniuliza kuhusu kauli ya kutendea, kwani "nimekununulia" inaonekana kuelekea *para* moja kwa moja. Mara nyingi ndivyo: *lo compré para ti*. Lakini kauli hiyo ina nyuso mbili. Tazama "alikufia nchi yake", "wanapigania haki", "analilia mwanawe". Nchi, haki na mwana hapa si wapokeaji wa zawadi. Ndio waliomsukuma mtu kufa, kupigana na kulia. Kihispania: *murió por su patria, luchan por la justicia, llora por su hijo*. Kwa hiyo ukiona -ia au -ea, jiulize kama jina linalofuata limepokea kitu mkononi au limekuwa chanzo cha tendo.

"Kwa ajili ya" ndiyo inayopoteza wengi, kwa sababu Kiswahili kinaitumia kwa yote mawili. *Lo hice para ti*: nimekutengenezea, chukua. *Lo hice por ti*: nilifanya kwa sababu yako, au niliifanya wewe ukiwa huwezi. *Trabajo para mi hermano*, kaka ndiye mwajiri. *Trabajo por mi hermano*, nimeshika zamu yake, au najituma kwa ajili ya ustawi wake. Mtu akikupikia chakula, ni *para ti*. Akiacha kazi ili asihame mji unaokaa, ni *por ti*.

Hata rai hugawanyika. *Para mí, es caro*: kwa maoni yangu ni ghali. *Por mí, vete*: mimi sina neno, nenda.

Maswali nayo: *¿por qué?* huuliza chanzo, "kwa nini". *¿Para qué?* huuliza lengo, "ya nini" au "ili iweje", na ikisemwa kwa sauti fulani hubeba ubishi uleule wa "ya nini" yetu. Shukrani daima ni *por*, kwani unashukuru kwa kilichokwisha tendeka: *gracias por venir*. Siku ya mwisho daima ni *para*: *lo necesito para el lunes*, nakihitaji kufikia Jumatatu. *Salgo para Lima*, Lima ndiko niendako. *Paso por Lima*, Lima ni njia tu.

Hatua ya 5: Andika kitenzi pamoja na kihusishi chake

Baadhi ya vitenzi vimefunga ndoa na kihusishi, na ukitafuta mantiki utachoka. *Soñar con*, kuota. *Pensar en*, kumfikiria mtu au jambo. *Depender de*, kutegemea. *Enamorarse de*, lakini *casarse con*: unampenda *de*, unamwoa *con*. *Oler a*, kunuka au kunukia kitu fulani. *Saber a*, kuwa na ladha yake. *Confiar en, insistir en, tardar en. Acordarse de, olvidarse de, quejarse de. Parecerse a*, kufanana na, na hapo tena "na" inataka kukuponza.

Mbele ya kitenzi kingine, angalia kundi hili la *a*: *empezar a, aprender a, ayudar a, enseñar a, volver a*. Vyote vina mwanzo au kuelekea. *Volver a llamar* ni kupiga simu tena, hakuna safari yoyote. Kundi la *de* huelekea kwenye mwisho: *dejar de, terminar de, acabar de*. *Acabo de comer* ni "nimekula sasa hivi". Kihusishi kikitoweka maana huruka: *dejé de hablar*, niliacha kusema, *dejé hablar a Juan*, nilimwacha Juan aseme.

Katika daftari lako usiandike *soñar* peke yake. Andika *soñar con* na sentensi moja kuhusu mtu unayemjua. Neno lililoandikwa bila kihusishi chake itabidi ulijifunze mara ya pili.

Ukisitasita kama mbele ya *que* kuna *de* au hakuna, geuza sentensi iwe swali. *¿De qué estás seguro?* Kwa hiyo *estoy seguro de que vendrá*. *¿Qué piensas?* Kwa hiyo *pienso que vendrá*, bila *de*. Wenyeji wenyewe hukosea hapa na kusahihishana, basi usijilaumu.

Hatua ya 6: Angalia kinachofuata

Baada ya kihusishi *yo* na *tú* hubadilika: *para mí, sin ti*. Viwakilishi kama *él* na *nosotros* hubaki vilevile: *de él, con nosotros*. *Mí* ina alama juu, *ti* haina kamwe. *Con* huungana na kuwa *conmigo, contigo, consigo*. Vihusishi vichache huenda na *yo* na *tú*: *entre tú y yo*, *según tú*.

Kitenzi kikifuata kihusishi, kiache katika umbo lake la kamusi. Hapa Kiswahili kinakupa bure, maana nasi hutumia ku-: *antes de comer*, kabla ya kula; *sin hablar*, bila kusema; *después de llegar*, baada ya kufika. Mara nyingi nimeona *sin hablando* ikiandikwa na watu waliotokea kwenye Kiingereza. Wewe huna sababu ya kuiandika.

Katika swali, kihusishi hutangulia pamoja na neno la kuuliza. "Unazungumza na nani?" ni *¿con quién hablas?*; "unatoka wapi?" ni *¿de dónde vienes?* Hakibaki mwishoni kikining'inia. Katika kirejeshi vivyo hivyo, na hapa inabidi ufanye kazi, kwa sababu Kiswahili huficha kila kitu ndani ya kitenzi. "Kalamu ninayoandikia": -ia imebeba uhusiano wote. Kihispania lazima kiutoe nje: *el bolígrafo con el que escribo*. "Nyumba ninamoishi": *la casa en la que vivo*. Ukiona -ia, -mo-, -po- au -ko- ndani ya kirejeshi chako, jua kuna kihusishi kinachodaiwa mbele ya *el que, la que* au *quien*.

Hatua ya 7: Wakati

Saa huchukua *a*: *a las tres*. Kumbuka kuhesabu kwa saa zao, *a las siete de la mañana* ni saa moja asubuhi. Saa ikitajwa, sehemu ya siku huja na *de*. Isipotajwa, ni *por la mañana* nchini Uhispania na *en la mañana* sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini. Siku za juma hazina kihusishi: *el lunes*, sawa na Jumatatu yetu iliyo peke yake. Miezi, misimu na miaka ni *en*.

"Baada ya siku mbili" kuanzia sasa ni *dentro de dos días*. "Tangu 2019" ni *desde 2019*, lakini ukitaja muda badala ya tarehe ongeza *hace*: *vivo aquí desde hace cinco años*, naishi hapa kwa miaka mitano sasa. "Miaka mitano iliyopita" ni *hace cinco años*, bila *desde*.

Vingine vipite haraka. *Sin* ni bila, *entre* kati ya, *hacia* kuelekea, *contra* dhidi ya, *según* kwa mujibu wa, *durante* wakati wa. *Sobre* ni juu ya, kwa maana zake zote mbili: *sobre la mesa* na *un libro sobre África*. *Hasta* ni mpaka, ila ukiwa Mexico na ukaambiwa *la tienda abre hasta las diez*, huenda maana yake ni kwamba duka halifunguliwi kabla ya saa nne. Uliza kabla ya kwenda.

Hatua ya 8: Jaribu mwenyewe

Funika majibu. Penye pengo weka kihusishi, au usiweke kitu kama hakihitajiki.

1. Mañana llego ___ Bogotá ___ las nueve.
2. Este regalo es ___ mi madre. Lo compré ___ treinta euros.
3. No conozco ___ nadie aquí.
4. Sueño ___ viajar ___ tren ___ toda la costa.
5. La puerta fue pintada ___ mi tío ___ una brocha vieja.
6. Estudio español ___ hace dos años.
7. Busco ___ una secretaria que sepa francés.

Majibu. Ya kwanza ni *a* na *a*: kufika ni mwendo, na saa huchukua *a*. Ya pili *para*, mpokeaji, kisha *por*, bei. Ya tatu *a*, kwa sababu ya *nadie*. Ya nne *con*, iliyofungwa na *soñar*, *en*, chombo cha usafiri, *por*, njia. Ya tano *por* kwa mtendaji na *con* kwa kifaa. Kiswahili kingesema "na mjomba" na "kwa brashi", na ukizibadilisha utakuwa umepaka rangi kwa kumtumia mjomba. Ya sita *desde*.

Ya saba haina kitu. *Sepa* inaonyesha kwamba karani huyo bado hajulikani, ni yeyote ajuaye Kifaransa: "natafuta karani". Badilisha *sepa* iwe *sabe*, na papo hapo yuko mtu mahususi unayemfahamu, "namtafuta karani", na *a* inarudi: *busco a una secretaria que sabe francés*.